Ubao Uliotangulia Kinywa: Vifaa vya Darasa na Safari ya Kiswahili hadi Piyaya

Huu ni wakati wa kulilia vumbi la chaki. Watu waliokwisha kuvuka miaka arobaini, wakikutana na mazungumzo yakaelekea shuleni, hawakawii kuanza kuhesabu: rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini ikawa kengele, visoda vilivyotungwa katika uzi vikawa vihesabio, kalamu ya risasi iliyochongwa kwa wembe hata ikabaki kipande kisichoshikika, mkebe wa bati wenye bikari na kipimapembe, kidau cha wino kilichotulizwa katika tundu la dawati. Kisha husikitika kwamba wajukuu zao watasoma kwa kutazama kioo. Majonzi hayo yana utamu wake, nami si mtu wa kuwazuia wenzangu wasikumbuke. Lakini kumbukumbu za namna hiyo aghalabu ni za mijini, au za shule kongwe za misheni na serikali, ambako kifaa kipya kilipoingia kile cha zamani kilipata nafasi ya kustaafu. Ningependa, msomaji, tulitazame jambo hili tukiwa tumesimama mahali ambapo chaki haijapata kuwa kitu cha kale. Mahali penyewe ni Piyaya.

Piyaya ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, katika nyanda zilizo mashariki ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wamaasai, na maisha yao hutegemea ng'ombe, mbuzi na kondoo kabla ya kitu kingine chochote. Ndani ya wilaya hiyohiyo limo bonde la Oldupai, lililopewa jina la mmea wa jamii ya mkonge-mwitu unaoitwa hivyo kwa Kimaasai, ambamo zimefukuliwa zana za mawe zenye umri unaokaribia miaka milioni mbili. (Sijapata kumsikia mtu akiyalilia mawe yale, ingawa yalitumika kwa muda mrefu kupita chaki, kalamu na karatasi zikijumlishwa pamoja.) Nimeichagua Piyaya kwa kuwa inatulazimisha kuuliza swali ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili wa Pwani na mijini hatulazimiki kuliuliza: lugha yetu hii ilimfikiaje mtu ambaye hakuisikia kwa mama yake, wala zizini, wala katika maombi ya babu zake? Kwa sehemu kubwa, ilimfikia kwa njia ya ubao.

Kabla ya kulifikia hilo, hatuna budi kupitia majina ya vifaa vyenyewe, maana majina hayo ni historia iliyokwisha kuandikwa.

Kalamu ni neno la Kiarabu. Nyuma ya Kiarabu kipo Kiyunani, na huko asili yake ni utete. Karatasi nayo ilipita njia hiyohiyo. Dawati, ambalo kwetu leo ni meza ya mwanafunzi, kwa Kiarabu lilikuwa chombo cha kutilia wino. Chombo kikawa sanduku la vifaa vya mwandishi, sanduku likawa meza, na meza ikabaki na jina la wino hata baada ya wino wenyewe kukauka. Shule tuliipata kwa Wajerumani, na ndugu zetu wa Zanzibar, ambao hawakupitia mikononi mwa Wajerumani kama bara ilivyopitia, wanasema skuli kwa kufuata Kiingereza. Chaki na dasta zilikuja na Waingereza. Basi mtu anayesema kwamba vifaa vya kigeni vinakuja kuharibu darasa letu la asili, darasa gani hilo analolisemea? Kila kitu kilichomo humo kilishuka melini.

Vilivyo vyetu ni vichache, lakini ndivyo vyenye uzito. Ubao ni wetu. Kusoma ni kwetu, na kufuta ni kwetu. Na kuandika, kitenzi ambacho tumekizoea mno hata hatukisikii tena, kina maana mbili ambazo mgeni hushangaa kuzikuta pamoja: tunaandika barua, na tunaandika meza. Kuandika chakula ni kukipanga mbele ya watu ili wale. Sijui lugha nyingi ambazo ndani yake kitendo cha kuchora herufi na kitendo cha kuwawekea watu chakula vinashirikiana neno. Tafadhali liweke hilo akilini, kwa sababu nitalirudia tukifika mbele ya ubao.

Yapo pia maneno mawili ambayo, kwa bahati, yanakutana na maisha ya mfugaji wa Piyaya kuliko yanavyokutana na maisha ya karani wa Dar es Salaam. La kwanza ni daftari. Limetufikia kwa Kiarabu na Kiajemi, na ukilifuatilia hadi mwisho wa njia unakuta neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi ya mnyama iliyotengenezwa. La pili ni chapa. Tunapiga chapa kitabu, na tunapiga chapa ng'ombe. Wamaasai wamekuwa wakiwatia ng'ombe wao alama kwa moto na kwa kukata masikio, na mtu mzima aliyelelewa malishoni huitazama alama akajua mnyama ni wa ukoo gani. Kusema kwamba jamii hiyo haikujua kusoma hadi ilipoletewa shule ni kusema bila kutazama. Ilijua kusoma ngozi.

Kwenye Pwani, darasa la kwanza lilikuwa chuo. Neno chuo lenyewe liliwahi kuwa na maana ya kitabu, na ndiyo sababu Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Mtoto wa chuoni alikaa chini, akashika loho, yaani kibao cha kuandikia, akaandika kwa kalamu ya utete na wino, akahifadhi, kisha akaosha kibao ili aandike somo jingine. Kuosha huko hakukuwa kazi ya uchafu. Palipoandikwa aya, maji yake yalikuwa na heshima. Na katika kombe, maandishi ya sahanini huoshwa na maji yakanywewa kuwa dawa. Hapo tunaona kifaa ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya kufutwa, na somo ambalo halikuhesabiwa kuwa limeingia mpaka lifutike kwenye kibao na kubaki kifuani.

Nje ya chuo, maandishi yalikuwa ya nyumbani. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alianza kwa kumwita aje karibu na wino na karatasi. Ni jambo dogo katika utendi, lakini linatuambia kwamba katika nyumba ile vifaa vilikuwepo, na kwamba mtoto wa kike ndiye aliyetakiwa kuvishika. Lugha ilikuwa tayari imejaa masikio yake. Alichokuwa akitafuta ni mahali pa kuiweka.

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na kutoka shule za namna hiyo wakapata makarani na maakida waliotumia Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi. Waingereza waliwafuata. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo, gazeti lililosomwa madarasani kama kitabu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja. Watu wamekwisha kubishana sana juu ya haki na dhuluma ya usanifishaji ule kwa lahaja nyingine, nami sitaongeza kuni. Ninachotaka kukitaja ni jambo la kiufundi. Ubao mweusi hauvumilii tahajia mbili. Mwalimu akisimama mbele ya watoto arobaini hawezi kuandika neno moja kwa namna ya Mvita na ya Unguja kwa wakati mmoja, na mtoto anayenakili hana kitabu kingine cha kulinganishia. Kwa hiyo Kiswahili sanifu, kilichoamuliwa na watu wachache katika kikao, kilipata mwili wake katika vumbi la chaki, darasa baada ya darasa, bara nzima.

Umaasaini kilifika kwa kuchelewa na kwa uchache. Shule za wakati wa ukoloni zilikuwa za kuhesabika, nyingi za bweni, na wazazi wengi waliziona kuwa mahali pa kumpoteza mtoto. Edward Moringe Sokoine, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alianza masomo Monduli. Tepilit Ole Saitoti, mzaliwa wa Ngorongoro, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 maisha ya kijana aliyegawanyika baina ya boma na darasa. Hao ndio tunaowajua kwa sababu waliandika au waliandikwa. Watoto wengi wa rika lao hawakuugusa ubao kamwe.

Mgeuko mkubwa ulikuja katika miaka ya 1970, na ulikuja kwa mambo mawili yaliyoshikana mikono. La kwanza ni Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililodai kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwaka wa kulitimiza. La pili ni uhamishaji wa watu vijijini, ambao Umaasaini uliitwa Operesheni Imparnati, kwa neno la Kimaasai linalohusu makazi ya kudumu. Ili uwe na shule ya kila mtoto lazima uwe na jengo, na ili uwe na jengo lazima watu wakae pamoja mahali pamoja. Ubao ni kifaa cha watu waliotulia. Umepigiliwa ukutani, na ukuta hauhami.

Waliosoma enzi hizo wanakumbuka jinsi mbao hizo zilivyopatikana. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wanafundisha. Vitabu havikutosha pia. Kitabu kimoja kilizungukwa na vichwa sita, na aliyekaa upande wa juu alijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini. Ubao ukififia, wanafunzi walitumwa kuponda mkaa, wakauchanganya na majani mabichi, wakausugua hadi ukaiva tena. Palipokosekana daftari, palikuwa na mchanga na kidole. Huu ndio umaskini ambao leo tunauita uzuri wa zamani, na ninafikiri ni halali kuuita vyote viwili. Takwimu rasmi za wakati ule zilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wakishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Hata mtu akizitilia chumvi za mashaka takwimu hizo, kazi kubwa ilifanyika, na ilifanyika kwa ubao, chaki na sauti ya mwalimu.

Sasa turudi kwenye ile kauli ya kuandika chakula. Mahali pasipo na vitabu, ubao haukuwa kifaa cha kusaidia kitabu. Ulikuwa ndicho kitabu, na kilikuwa kimoja kwa watu wote. Mtoto wa tajiri na wa maskini walisoma ukurasa mmoja, kwa wakati mmoja, kwa mwandiko mmoja. Mwalimu alipokosea, alikosea mbele ya kadamnasi, na mtoto mwenye macho makali aliweza kunyosha mkono. Aliyechelewa kunakili aliwaomba wenzake wamlilie mwalimu asifute. Herufi zilipangwa pale kama sinia, na kila mmoja akala kwa mwendo wake.

Na kwa mtoto wa Kimaasai palikuwa na zaidi. Kwa mtoto wa Pwani, Kiswahili kilitoka kinywani kikaenda ubaoni: alikuwa amekwisha kulisema neno maji mara elfu kabla ya kuliona limeandikwa. Kwa watoto wengi wa sehemu kama Piyaya mwendo ulikuwa kinyume. Walikuja darasani na Kimaasai tu, lugha iliyo mbali kabisa na jamii ya lugha za Kibantu, isiyo na ngeli zetu wala viambishi vyetu. Neno walilikuta limesimama ubaoni, mwalimu akaligonga kwa fimbo, darasa zima likaliitika kwa sauti moja. Ndipo siku nyingi baadaye likapata kazi dukani, mnadani au zahanati. Ubao ulitangulia kinywa. Ndiyo maana utamsikia mzee wa huko akisema Kiswahili kilichonyooka, chenye upatanisho wa kisarufi ambao mtoto wa mtaani Kariakoo hahangaiki nao. Wapo wanaomcheka kwamba anasema kama kitabu. Wangejua, anasema kama ubao.

Hata hivyo, haki ya ubao isitufanye tuusahau upungufu wake, na upungufu wenyewe unaonekana Piyaya kuliko mahali pengi. Mwaka wa shule huanza Januari. Ni majira hayohayo ambapo nyumbu wa Serengeti huwa katika nyanda za majani mafupi za kusini-mashariki, na kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi huzaa kwa wingi. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru nyumbu lakini humuua ng'ombe, na dawa ambayo wafugaji wameitegemea tangu zamani ni moja tu: kuondoka. Ng'ombe wakiondoka, vijana huondoka nao. Ukame nao una ratiba yake isiyoshauriana na ratiba ya wizara. Hivyo mwalimu huandika tarehe kwenye kona ya ubao mbele ya madawati yenye nafasi, na mtoto akirudi hukuta somo alilolikosa lilifutwa wiki nyingi zilizopita. Ubao hauna kumbukumbu, na uzuri wote niliousifu hapo juu ni wa yule aliyekuwepo.

Redio ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujaribu kuliziba pengo hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wanaofikia milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, nchi nzima, wakiwa na kitabu kidogo na kiongozi wa kikundi. Redio ilitembea, mchungaji aliweza kuitundika begani. Nayo ilifanya kitu ambacho ubao haukuweza: ilileta Kiswahili chenye pumzi, chenye kicheko na lafudhi, mpaka porini. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni kwa sababu ya UVIKO-19, nchi iliikumbilia redio tena, pamoja na televisheni. Vifaa vya zamani vina tabia hiyo ya kukaa kimya pembeni wakati wakiimbiwa mazishi, kisha wakaitwa usiku wa dharura.

Sasa umefika wakati wa kioo. Tanzania ilikuwa na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi tangu mwaka 2007, lakini wananchi wengi walilisikia jambo lenyewe baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi, na baada ya kazi kwisha vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Neno lenyewe lilikuwapo kabla, ila sensa ndiyo iliyolitembeza. Mimi nalipenda. Sikio la Mswahili husikia humo kushika, kama linavyosikia kupakata ndani ya kipakatalishi, na kupakata ni kumweka mtoto pajani. Tumevipokea vitu hivi kwa maneno ya mwili: tunavishika, tunavipakata. Ubao hakuna aliyeushika, uliangaliwa.

Na hapo ndipo penye tofauti yenye maana. Kitu cha kushikwa kina mwenyewe. Wenzetu wa Kenya waliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2013. Kuanzia mwaka 2016 ukatekelezwa mpango uliogawa vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Huko lengo lilikuwa mkono wa mtoto. Kwetu mkono ulikuwa wa mwalimu. Siwezi kusema ni upi uamuzi bora bila kuona mabweni, milango na makufuli ya shule husika, lakini kwa darasa lisilo na umeme wa uhakika, nadhani mkono wa mwalimu ulikuwa mahali salama zaidi pa kuanzia.

Swali la lugha ni zito kuliko la mkono. Kioo kikiwashwa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huamkia Kiingereza, na mtoto wa Piyaya, ambaye Kiswahili kwake tayari ni lugha ya pili, hujikuta mbele ya ya tatu kabla hajaimaliza ya pili. Wapo wanaosema kwamba hilo haliepukiki kwa kuwa mashine ni ya wenyewe. Ushahidi tulio nao unawakana. Katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, programu za kujifunzia zilijaribiwa mkoani Tanga kwa muda wa miezi 15, katika vijiji takriban 170, kwa watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiowahi kuhudhuria shule. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Lugha ya programu ilikuwa Kiswahili. Watoto wengi walioanza bila kuweza kusoma neno moja walifika mwisho wakisoma, na mwaka 2019 zawadi ya kwanza ikagawanywa kwa programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion. Tanga hiyohiyo ya shule ya mwaka 1892! Kioo kilisema Kiswahili kwa sababu rahisi: sharti liliwekwa tangu mwanzo kwamba kiseme Kiswahili. Pasipo sharti, hakingesema.

Tena kwa Piyaya kioo kina ahadi ambayo haikuwahi kuwa ya ubao, nayo ni kuhama. Kifaa kisichohitaji ukuta kinaweza kumfuata mtoto hadi nyanda za juu, kikamhifadhia somo la Februari hadi Aprili. Wafugaji hawahitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Simu za mkononi walizipokea upesi kwa kuulizana habari za malisho, maji na bei za mnadani. Ajabu ni kwamba kwa miaka hamsini tumekuwa tukiwataka wakae ili wasome, na sasa kimekuja kifaa kinachoweza kutembea, lakini mipango ya kukitumia bado inaandikwa kana kwamba kila mtoto anakaa.

Nilipokuwa nikiyawaza haya, beti moja ilinijia, nami naiweka hapa kwa ruhusa ya wasomaji wanaojua zaidi:

Ubao u ukutani, chaki imeshakatika,
Vumbi lake mikononi, bado halijafutika,
Kioo kije bomani, chenye nuru na haraka,
Kitasema lugha gani, na nani atakishika?

Kuhusu chaki kukatika, iko habari inayostahili kusimuliwa. Katika miaka ya 2010, wakati dunia ikitangaza mazishi ya ubao, vijana wa Maswa mkoani Simiyu, upande wa pili wa mbuga za Serengeti ukitazama kutoka Piyaya, walianza kutengeneza chaki, na mkoa ukaifanya bidhaa hiyo kuwa sehemu ya mpango wake wa viwanda. Chaki nyingi za shuleni hutengenezwa kwa jasi, udongo mweupe ambao nchi yetu inao. Watu hawajengi kiwanda cha kitu ambacho kimekufa. Walihesabu shule zilizopo, wakahesabu mbao zilizo ukutani, wakaona soko.

Hesabu hiyo ina mantiki ukikumbuka kishikwambi kimegawiwa nani. Anacho mwalimu, mmoja, watoto hawana. Ndani yake mna vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania ambavyo nakala zake za karatasi hazijafika, au zimefika tatu kwa darasa la watoto sabini. Basi mwalimu wa shule kama hiyo hukishika kwa mkono wa kushoto, akakiinamisha kidogo ili mwanga wa dirishani usiufiche ukurasa, na kwa mkono wa kulia akanakili ubaoni, mstari kwa mstari, kwa chaki, huku darasa likiitika.